Mlima Ukishafunga

Toleo lililopita nilijibu swali dogo la msomaji aliyetaka kujua lile wingu linalokaa kama kofia juu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, linatoka wapi. Barua zilizofuata karibu zote zikaja na jambo moja: ndege zilizogonga milima yetu. Nimechagua nne. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza, nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa kwenye viwanja vya ndege kwa miaka 29, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kati ya Kilimanjaro na Meru. Kazi yangu ilikuwa kutoka nje, kutazama juu na kuandika nilichokiona, kila saa, usiku na mchana.

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo njia ya Rongai, huu mwaka wa sita. Tukitoka kambi ya Mawenzi Tarn kwenda Kibo, pale uwandani tunapita kwenye mabaki ya ndege ndogo. Wageni wanauliza, nasi tunawajibu kama tulivyoambiwa na waliotutangulia, kwamba Mawenzi ina sumaku inayovuta ndege. Mwezi uliopita mgeni mmoja alicheka, nikaona aibu. Naomba ukweli. (Msomaji, Tarakea)

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa mizigo. Usione aibu. Unapita kila mara mahali watu walipofia na unataka kusema kweli juu yao. Hiyo ni heshima.

Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, haina sumaku ya kuvuta ndege. Miamba ya volkano ina chembechembe za chuma, na ukiweka dira juu ya jiwe mshale unaweza kuyumba kidogo, basi. Mwili wa ndege ni alumini, na alumini haishikwi na sumaku. Tena fikiria hili. Agosti 2012 helikopta nne za jeshi la Uganda zilikuwa safarini kwenda Somalia. Tatu, za aina ya Mi-24, zikaanguka Mlima Kenya, na wanajeshi 7 wakafa. Ya nne, Mi-17, ikafika Garissa salama. Sumaku gani ingechagua tatu ikaiacha ya nne?

Mabaki unayoyapita ni ya ajali ya Novemba 2008. Watalii wanne kutoka Italia walikufa, rubani wao Mkenya akaokolewa akiwa hai. Lakini mlima ule ulikuwa na msiba mkubwa zaidi kabla yake. Tarehe 18 Mei 1955, Dakota ya injini mbili ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi. Iligonga upande wa kusini-mashariki, kwenye mteremko wa Mawenzi, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Wote 20 waliokuwemo walifariki. Mimi nilizaliwa baadaye, nikaikuta ajali hiyo kwenye mazungumzo ya wazee, wingu likishuka hadi migombani na mtu akasikia mngurumo asioweza kuuona.

Sasa itazame tarehe hiyo kwa jicho la mtu wa mlimani. Katikati ya Mei masika hayajaisha na kusi imeshaanza. Upepo unabeba unyevu wa Bahari ya Hindi, unakuja moja kwa moja hadi kwenye kifua cha mlima cha kusini-mashariki, hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu. Dakota ile ilikuwa inatoka upande uleule wingu linakotoka. Na hesabu ya kimo inaniuma hadi leo: ndege iliyo mita 4,600 imeshapita juu ya kila kitu Tanzania nzima, hata Meru ingeuvuka kwa mita chache, isipokuwa vilele viwili tu. Kibo, mita 5,895, na Mawenzi, mita 5,149.

Ukiziweka ajali za milima yetu pamoja, utaona kinachojirudia. Tarehe 1 Septemba 1999 ndege iliyotoka Serengeti kuja Uwanja wa Kilimanjaro iligonga Meru, watu 12, kumi kati yao watalii wa Marekani. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliyoondoka Nairobi kwenda Samburu iligonga kilele cha Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985. Watu 14, na 12 kati yao walikuwa wa ukoo mmoja, bibi, babu na wajukuu katika safari moja. Mara nyingi katika ajali za namna hii ndege ni nzima. Injini zinaunguruma vizuri, usukani uko mikononi mwa rubani, mafuta yapo. Kinachokosekana ni mlima kuonekana.

Na wewe ratiba ya mlima unaijua kuliko abiria yeyote. Alfajiri umefunguka, mweupe, kama unaweza kuugusa. Saa 3 au saa 4 wingu linaanza kuchomoza msituni kidogo kidogo, kama moshi wa jiko la kuni unaopenya kwenye paa. Saa 6 mlima umefunga. Jioni wingu linashuka tena na Kibo inatokeza juu yake. Mtu aliyeuona mlima saa 1 asubuhi akaondoka nao kichwani, akaja kupita saa 7 mchana, anasafiri na picha ya asubuhi.

Ndege ndogo ina shida ya pili, na hii hata kwenye jua kali ipo. Pale uwandani, mita 4,300, mkandamizo wa hewa ni karibu asilimia 60 ya ule wa pwani. Wewe unausikia kifuani. Injini nayo inausikia, na bawa nalo halina hewa nzito ya kuliegemea. Halafu upepo ukivuka Mawenzi unamwagika upande wa pili kama maji ya mto yanayopita juu ya jiwe. Ndege ikiingia kwenye mmwagiko huo, rubani anavuta usukani apande, na kipimakimo kinaendelea kushuka. Ndiyo maana wanaofundishwa kuruka milimani huambiwa wasiukabili ukingo uso kwa uso. Wauendee kwa pembe, ubavu ubavu, ili wakiona hawapandi waweze kugeuka kabla hapajawa finyu.

Kwa hiyo wageni wakikuuliza, waambie hapa walikufa watu wanne, mwaka 2008, kwenye hewa nyembamba, chini ya kilele kinachojificha karibu kila mchana. Kisha wape muda wa kunyamaza.

Swali: Mama, salaam aleikum. Mwezi wa nne nilipanda ndege ndogo kwenda Marsabit kumzika shangazi aliyenilea. Tulifika, tukazunguka mara mbili ndani ya ukungu, halafu rubani akatangaza tunarudi Nairobi. Unajua maziko yetu hayangoji. Nilipofika kesho yake kwa barabara alikuwa ameshazikwa. Tuliposhuka kwenye ndege nilikuwa nimemwambia rubani maneno mazito mbele ya abiria wote, nikamwita mwoga. Mpaka leo nina hasira, na nina aibu. Kampuni siitaji. Je, alikosea? (Msomaji, Eastleigh, Nairobi)

Jibu: Waalaikum salaam, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yako. Kukosa kutia udongo kwenye kaburi la aliyekulea ni jeraha, nami siwezi kulifuta kwa maelezo ya mawingu. Lakini umeuliza kama alikosea. Hakukosea.

Marsabit ni mlima wenye msitu uliosimama peke yake katikati ya nchi kavu. Pande zote jua linaunguza, juu mji umevaa ukungu, kwa sababu mlima huo ndio kizuizi cha kwanza kirefu ambacho unyevu wa baharini unakutana nacho huko. Rubani anatoka kwenye anga safi kabisa, na dakika za mwisho, pale anapohitaji macho kuliko popote, ndipo anapoyapoteza.

Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Anga la Kenya, aina ya Y-12, ilikuwa inajaribu kutua hapohapo katika hali mbaya ya hewa. Iligonga kilima. Walikuwemo 17, wakafa 14. Miongoni mwao walikuwa wabunge Bonaya Godana na Mirugi Kariuki. Safari yenyewe ilikuwa ya amani: walikuwa wanakwenda kupatanisha jamii za kaskazini baada ya mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Sijui safari iliyo muhimu kuliko hiyo. Ukungu haukuupima umuhimu wake.

Ngoja nikusimulie nilichokiona mwenyewe, labda kitakusaidia kumwelewa rubani wako. Kituoni tulikuwa na puto jekundu la kupimia wingu linaanzia wapi. Unalijaza gesi, unalifunga kwa uzi, unalishika mpaka upepo utulie. Mkono wa kushoto una saa ya kuhesabia. Unaliachia na kubonyeza saa kwa pamoja, na kuanzia hapo hutakiwi kupepesa macho. Linakuwa kama chungwa, linakuwa kama punje ya mtama, halafu rangi inaanza kufifia kuanzia pembeni, nyekundu inakuwa kama kahawia, na mara halipo. Hapo ndipo wingu linapoanzia. Unachukua sekunde zako, unazidisha kwa kasi ya puto ambayo unaijua, unapata kimo.

Asubuhi moja ya Aprili puto lilipotea kabla sijavuta pumzi mara tatu. Nilirudi ndani, nikapiga simu mnarani, nikaandika kwenye fomu: anga limefungwa sehemu nane kwa nane, yaani lote. Rubani mmoja alikuwa amesimama mezani kwetu, abiria wake watano wakimsubiri nje na mabegi. Alisoma fomu, akaweka kidole kwenye ile namba, akauliza, "Hii umeipima sasa hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akavuta kiti akaketi. Abiria walimjia juu. Mmoja alisema amelipa, mwingine alisema jana mwenzake mbona aliruka. Nilisikia kila neno kupitia dirishani, na yeye alikaa tu na karatasi ile magotini kwa saa mbili na nusu, mpaka wingu lilipoanza kunyanyuka. Ningeweza, ningewachukua wale abiria mmoja mmoja nikawaonyeshe puto.

Kwa sababu maneno yana uzito, mdogo wangu. Rubani wa ndege ndogo anakaa hatua moja kutoka kwa watu anaowabeba. Anasikia mguno. Anaiona saa mkononi mwa mtu. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliondoka Kitale kwenda Nairobi na watu 10, jioni ikapotea. Mabaki yalipatikana tarehe 7 kwenye milima ya Aberdare, hakuna aliyepona. Nairobi haikuwa mbali. Ukaribu wa kufika ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu moyo unakuwa umeshatua kabla ya magurudumu.

Wewe ulirudishwa, ukalala, ukapanda gari, ukafika kaburini hata kama ni kesho yake. Kama unalikumbuka jina la rubani huyo, mwandikie barua fupi, ipitie kwenye ofisi ya kampuni. Usieleze mengi. Mwambie nani alikuwa amefariki, na kwamba umefika. Ataelewa.

Swali: Jambo Mama. Mimi niko Bukavu. Huku tunaulizanaka sana: kwa nini ndege inaanguka wakati iko karibu kufika, milima ikiwa imeshapitwa? Na zile mashini za kisasa za kuonya, hazisaidii? (Msomaji, Bukavu, Kongo)

Jibu: Jambo mwanangu. Nadhani unaikumbuka ile ya tarehe 1 Septemba 2008, ndege iliyotoka Kisangani na wafanyakazi wa misaada. Watu 17 walikufa kwenye milima ya kwenu wakiwa wanakaribia uwanja wa Kavumu. Mlima Kahuzi una mita 3,308, na uwanja uko chini yake sana. Hapo jibu la swali lako lipo: kufika maana yake ni kushuka, na huku kwenu mtu anashuka akiwa bado katikati ya milima.

Kanuni ya kimataifa kwa rubani anayeruka kwa vyombo, asiyeona nje, ni kwamba katika nchi ya milima abaki angalau mita 600 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8. Akishakaribia uwanja anashuka ngazi kwa ngazi kwa ramani, kila ngazi na mahali pake. Akiteremka ngazi moja mapema, hata kwa dakika moja, ukingo ambao angeuvuka unakuwa mbele yake. Na kipimakimo anachokitegemea hakipimi ardhi. Kinapima uzito wa hewa. Lazima apewe namba ya siku hiyo na watu wa hali ya hewa, aiweke kwa mkono. Akikosea milibari 10 za uzito huo, ndege iko zaidi ya mita 80 juu au chini ya pale anapodhani. Namba hiyo nilikuwa naisoma mara mbili kwenye chombo kabla ya kuitoa, na mara ya tatu baada ya kuiandika.

Mashini zinasaidia, tena sana. Mhandisi Don Bateman, Mkanada aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyetengeneza chombo cha kumwonya rubani kwamba ardhi inakuja, na kuanzia miaka ya 1970 ndege kubwa zikalazimishwa kukibeba. Cha kwanza kilitazama chini tu, hivyo ukuta wa mlima uliosimama wima kilichelewa kuutambua. Miaka ya 1990 akakipa ramani ya dunia na mahali ndege ilipo, kikaanza kuona mbele hata ndani ya wingu. Wako maelfu ya watu walio hai kwa kazi ya mtu huyo na hawajui jina lake. Shida ni kwamba kanuni ya kimataifa inazilenga zaidi ndege za injini ya turbini zenye uzito wa kuzidi kilo 5,700 au zenye ruhusa ya kubeba abiria zaidi ya 9. Ndege nyingi zinazokwenda mbugani na vijijini ziko chini ya hapo, na ndizo zinazopita kwenye mabonde. Hapa sikubaliani na wanaosema gharama ni kubwa. Mwenye ndege anayeuza tiketi milimani na awe nacho.

Swali: Shikamoo Mama. Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi tangu ujana. Aliacha kipande cha bati jepesi, lina matundu yamepangwa mstari, upande mmoja lina rangi ya kijani iliyofifia. Alisema lilitoka Mawenzi, hakusema zaidi. Miaka yote mama alilitumia kufunikia mtungi wa maji. Sasa fundi wa chuma chakavu ameliona, analitaka kwa bei nzuri. Ndugu zangu wengine wanasema ni mkosi, litupwe. Nifanye nini? (Msomaji, Mwika)

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa baba. Kwanza usiuze, na usitupe.

Kama ulivyolieleza, linaweza kuwa la ndege. Wepesi huo ni wa alumini, ndiyo maana halijaota kutu hata kwa kufunikia maji. Matundu kwenye mstari ni ya ribiti, misumari mifupi inayounganisha bati na bati. Rangi ya kijani ya upande wa ndani mara nyingi ni rangi ya kuzuia bati lisiliwe, na ndege nyingi za enzi za Dakota zilipakwa hivyo. Lakini mlima huo umeangukiwa na ndege zaidi ya moja, kwa hiyo tusikimbilie kulipa jina.

Huko Ufaransa kuna mlima, Mont Blanc, ulioangukiwa na ndege ya Air India tarehe 24 Januari 1966, watu 117. Barafu ya pale inatembea polepole kushuka bondeni, na miaka 46 baadaye, 2012, ikatoa mfuko wa barua za kibalozi uliokuwemo kwenye ndege hiyo. Mawenzi haina barafu ya kutembea hivyo. Kilichobaki kinakaa kilipoanguka mpaka mtu akibebe. Baba yako alikibeba, akakitunza ndani ya nyumba yake maisha yake yote bila kukiuza. Mimi siuoni mkosi hapo.

Lioshe kwa maji na sabuni, usitumie steli wala mchanga. Ligeuze upande wa kijani, lisogeze dirishani asubuhi ili mwanga uingie kwa ubavu, na utazame pembezoni kama kuna herufi au namba ndogo zilizogongwa kwenye bati. Vipande vya ndege mara nyingi vina namba ya kiwandani. Ukiiona, iandike kama ilivyo hata kama herufi nyingine hazisomeki, pima upana na urefu kwa rula, hesabu matundu ya mstari mmoja, kisha uniandikie tena. Nitakusaidia kuandika barua kwenda makumbusho. Wakati huo mtafutie mama kifuniko kingine cha mtungi, na bati la baba lilaze mahali pakavu, upande wenye rangi ukiwa juu.